Namba tatu ndiyo iliyolala

Wiki mbili sasa lori langu linatetemeka hata likiwa limesimama. Moshi mweupe, mlimani nguvu hamna. Fundi wa kwanza alisema tushushe pampu nzima ya dizeli. Hela hiyo sina.

Leo asubuhi nimechukua spana na kitambaa tu.

Injini ikiunguruma, nikawa nalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli (kile kinachopulizia dizeli ndani ya silinda) moja moja, kisha naikaza. Ya kwanza, mlio ukashuka, maana yake inafanya kazi. Ya pili, ukashuka tena.

Ya tatu... kimya. Yaani hakuna kilichobadilika! Dizeli inalowesha kitambaa, injini inatetemeka vilevile. Nimesimama pale na spana mkononi, moyo unanidunda.

Nikazima, nikabadilishana nozeli ya tatu na ya kwanza. Ubovu ukahamia namba moja. Basi ni nozeli, pampu haina kosa.

(Hii ni kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida. Za komoni reli (za kisasa, nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa) msilegeze kitu, presha yake inatoboa ngozi.)

Sasa wenzangu, niipeleke ikapimwe na kusafishwa, au nitafute nyingine iliyotumika? Mliopitia haya, niambieni.