Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanafunzi wa Usaidizi wa Kisheria Temeke

Saa kumi na nusu alfajiri nimeshaamka, kwa kuwa bando la usiku linakwisha muda wake mapema na nyumba yetu hapa Mbagala bado imetulia. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kozi ya usaidizi wa kisheria kwa njia ya mtandao. Leo nafungua zoezi ambalo mkufunzi amenirudishia: tulisikilizishwa simulizi la mjane anayedai nyumba, kisha tukatakiwa kuandika maelezo yake katika ukurasa mmoja. Mimi niliandika kwamba shemeji yake "alimnyang'anya nyumba kwa hila". Mkufunzi ameyapigia mstari maneno hayo na kuandika pembeni: Nani aliona? Lini? Kuna hati gani?

Nimekaa na maswali hayo mpaka adhana, nikisikiliza upya ile sauti na kuandika tena. Mume alifariki, siku 9 baadaye shemeji akabadilisha kufuli, jirani wa mlango wa pili alikuwapo, hati ya mauziano ya kiwanja ina muhuri wa serikali ya mtaa. Hasira yangu haimo tena katika ukurasa ule, lakini kila sentensi iliyobaki inaweza kuthibitishwa.

Saa kumi na mbili na nusu niko ndani ya daladala ya Temeke, nimesimama, nikisikiliza somo la migogoro ya ardhi nililolipakua jana. Ni somo linalohitaji uangalifu, kwa sababu maelezo mengi yaliyomo mtandaoni ni ya zamani: tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu katika shauri la ardhi, bali linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndipo mhusika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi anayetegemea kitini cha mwaka 2015 atampoteza mtu njia.

Saa mbili tunafungua steshenari ninapofanya kazi ya kuchapa na kutoa nakala. Asubuhi hupita kwa vyeti, wasifu wa kazi na mikataba ya kupanga.

Kwenye saa tano anaingia mama wa makamo, ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nichapie barua ya kumwomba meneja anisamehe, nirudi kazini."

Ananipa barua aliyoachishwa nayo kazi ya upishi. Naisoma kama tunavyofundishwa, yaani tarehe kwanza, maneno baadaye. Mkunjo wa karatasi umepita juu ya tarehe yenyewe, hivyo nainyoosha kwa kiganja na kuinua kichwa kwenye kalenda ya ukutani. Zimepita siku 27. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, inabidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.

Namwambia, "Mama, barua nitakuchapia ukitaka, ila kumwandikia meneja hakusimamishi hesabu ya zile siku 30 za kupeleka mgogoro Tume. Mimi bado ninasoma, siwezi kusema kama umeonewa au hukuonewa. Ninachokuomba ni kwamba uende Tume leo hii, ukachukue fomu ya kuwasilisha mgogoro, nao watakuelekeza."

Anauliza nitamtoza kiasi gani. Hapo huwa makini sana. Kuchapa na kutoa nakala ni biashara ya duka na ina bei yake, lakini maelekezo kama haya siyauzi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka kwamba huduma hii hutolewa bila malipo, na msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Naamini ni vyema kuanza kuishi hivyo kabla sijasajiliwa, maana mazoea ya kupokea "chai" hayaachwi kwa siku moja.

Mchana unapita bila jambo kubwa. Saa kumi kasoro yule mama anarudi, jasho likimtiririka, fomu mkononi. Ametakiwa kumpelekea mwajiri nakala na kurudi na uthibitisho kwamba imepokelewa. Natoa nakala tatu, naangalia kama tarehe ya kuachishwa inasomeka katika kila moja, na kwenye nakala moja haisomeki, kwa hiyo naitoa tena.

Saa mbili usiku ni darasa la moja kwa moja. Tunasoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hasa sharti la kupita baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kufungua shauri la talaka. Umeme unakatika katikati ya kipindi, nami naendelea kwa simu. Kwa kuwa sheria nyingi tunazisoma kwa Kiingereza ilhali wateja wetu hueleza shida zao kwa Kiswahili, nina daftari la istilahi: mleta maombi, mjibu maombi, hati ya kiapo, msimamizi wa mirathi.

Saa nne na nusu namtumia mkufunzi lile zoezi la mjane. Kisha naandika katika daftari tarehe ya keshokutwa, siku ya 29, na jina la kwanza la yule mama, ili asipopita dukani kufikia mchana nimpigie simu.