Siku moja maishani mwangu: fundi wa zamu, barabara ya Nyerere, Dar es Salaam

Saa 10:30 alfajiri

Ukiishi Gongo la Mboto huna haja ya saa ya kukuamsha. Muadhini, jogoo wa jirani na konda wa daladala ya kwanza wamegawana kazi hiyo. Naoga, nakunywa chai ya rangi nimesimama, naikunja ovaroli kwenye begi na kuvaa dera. Kwenye daladala sivai ovaroli. Mwaka wa kwanza niliijaribu, ikiwa na grisi magotini, na siti ya pembeni yangu ilibaki tupu mpaka Vingunguti ilhali watu wamesimama.

Nina miaka 24. Nilisoma ufundi mitambo katika chuo cha VETA, nikamaliza ngazi ya tatu. Ada ya kutwa ilikuwa 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yangu, na nalisema hilo kwa shukrani. Sasa nina mwaka mmoja na miezi minane katika kiwanda cha plastiki: ndoo, mabeseni, viti, madumu. Jina lake nalinyamazia, bado nakihitaji.

Saa 11:50

Getini wapo vijana kama arobaini. Wengine wamechuchumaa ukutani, wengine wamesimama karibu na mlinzi ili wawe wa kwanza kuonekana. Msimamizi atatoka, ataangalia mikono zaidi ya nyuso, atahesabu kumi na mbili, na geti litafungwa. Waliobaki watasubiri kidogo, halafu watajaribu kiwanda kinachofuata.

Ukiangalia vizuri, wapo wenye faili la plastiki kwapani. Ndani kuna cheti. Langu lilikuwa la bluu. Nilisimama hapo siku tisa kabla ya kuhesabiwa, na nilipohesabiwa nilipewa kisu cha kukata ncha za mabeseni. Shilingi 7,000 kwa siku, miezi saba. Cheti nilikipeleka ofisini, kikaingia kwenye droo, na hakuna aliyekiuliza tena.

Kilichonitoa kwenye mabeseni ni mashine ya kusagia plastiki mbovu, tunayoiita krasha. Siku moja ilikwama, fundi hayupo, foleni ya magunia inaongezeka. Niliomba spana, nikazima swichi, nikafungua kifuniko. Babu, ndiye fundi mkuu wetu, alinikuta nusu ya kazi. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza, "Nani kakufundisha kuvuta spana badala ya kuisukuma?" Nikamwambia chuoni: ukisukuma na nati ikaachia ghafla, vidole vinaishia kwenye chuma. Akaondoka bila neno. Wiki iliyofuata nikaitwa karakana.

Miezi saba, na usaili wenyewe ulikuwa sekunde tano.

Saa 12:10 asubuhi

"Shikamoo Babu." "Marahaba, umeamkaje mwanangu?" Tunasoma daftari la zamu ya usiku. Mashine namba 4 inavuja mafuta ya haidroliki. Pampu ya maji ya kupoza inalia. Namba 7 inatoa ndoo zenye mdomo pungufu, "tumeongeza presha, bado."

Nafungua kabati langu kwa ufunguo ninaouvaa shingoni. Humo kuna mita ya umeme, venia ya kupimia vipenyo na spana nzuri. Mita ya kwanza ilipotea usiku mmoja na nikakatwa 45,000, tangu hapo kabati linafungwa.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo ameshafika. Ana wiki nane za kukaa nasi na leo ni mwanzo wa wiki ya nne. Tunamwita Dogo. Anashika tochi.

Saa 1:30

Niwaeleze mashine kidogo, maana hapa ndipo ajira ilipojificha. Punje za plastiki zinaingia kwenye pipa refu la chuma lenye parafujo ndani. Nje ya pipa kuna hita za pete, zimepangwa kanda kwa kanda. Plastiki ya ndoo zetu huyeyuka kwenye nyuzi 160 na ushee, lakini ili itiririke vizuri hadi pembe za mwisho za kalibu, yaani chuma kinachoipa ndoo umbo, sisi tunaipeleka 215 hivi. Parafujo inasukuma, kalibu linajaa, maji yanapoza, kalibu linafunguka, ndoo inadondoka. Sekunde 40. Ikidondoka na mdomo uliokatika maana yake plastiki iliganda kabla ya kufika.

Mwenye haraka huongeza presha, na hicho ndicho walichofanya usiku. Paneli imeandikwa Kichina. Mwanzoni nilikuwa naipiga picha na kuitafsiri kwa simu nikiwa chooni, kwa aibu ya kuonekana sijui. Sasa maneno kama thelathini nayajua kwa sura, kama unavyowajua watu wa mtaani usiowajua majina.

Kanda zote zilikuwa za kijani. Ila kanda ya tatu ilisomeka 168 na bado ni kijani. Nikafungua ukurasa wa mipangilio: mtu alikuwa ameishusha hadi 170. Hita ilikufa, king'ora kikalia, akashusha lengo ili king'ora kinyamaze na hesabu ya ndoo za usiku itimie. Simlaumu sana. Hesabu isipotimia anaulizwa yeye, siyo hita.

Tukazima umeme wa mashine, tukatundika kibao chekundu kwenye swichi, nikapima. Hita nzima ya wati 1,000 kwa volti 230 inasoma omu 53 hivi, omu ndicho kipimo cha ukinzani wa umeme. Hii haikusoma chochote, maana yake waya wa ndani umekatika. Tukaifungua, tukafunga nyingine, tukarudisha 215.

Hapo kwenye mita ndipo penye siri. Cheti changu ni cha mitambo. Mambo ya omu na volti nilijifunza kwa fundi umeme wa zamu ya usiku, nikibaki saa moja baada ya kazi bila malipo. Kiwanda cha ukubwa wetu hakitaki fundi mitambo mmoja na fundi umeme mmoja wakipigiana simu. Kinataka mtu mmoja anayefungua boliti na kusoma waya. Vyuo vingine sasa vina mekatroniki, yaani mitambo na umeme kwa pamoja, na kama mdogo wangu angeniuliza asome nini, ningemwambia hiyo kabla hajamaliza swali.

Saa 3:15

Bosi kapita. "Imesimama dakika ngapi?" Hamsini. Kapiga hesabu usoni: ndoo 75. Kaondoka. Hakuuliza ingesimama muda gani kama tungeendelea kuongeza presha.

Saa 3:15 hadi 7

Namba 4: mpira wa kuzuia mafuta umechakaa, tumebadilisha. Kufagia. Chai na chapati moja.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie nje ya ukuta. Kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa tuko 22. Wanne tuko viwandani kwa fani yetu. Mmoja anatengeneza mashine za kusaga karanga maeneo ya SIDO Vingunguti na ana vijana wawili chini yake; huyo katuzidi wote, ingawa chuoni alikuwa akichelewa kila siku. Mmoja ni fundi wa majenereta hotelini Unguja. Wawili wanachomelea mageti Kitunda. Bodaboda ni sita. Waliobaki hawaandiki kazi zao, wanaandika "Amina" tu mtu akituma dua.

Watu hupenda kuniuliza mshahara, basi nauweka hapa. 380,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 38,000, na mwajiri anatakiwa kuweka kiasi kama hicho. Kodi inahesabiwa baada ya kutoa NSSF, kwenye kinachozidi 270,000, asilimia 8, ni 5,760. Mkononi 336,240. Kima cha chini cha viwanda na biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mtu wa juu. Ila zamu yetu ni saa kumi na mbili. Sheria ya ajira ya 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na kinachozidi hulipwa mara moja na nusu. Kwetu ovataimu hulipwa bila hiyo nusu. Ukiuliza unaambiwa geti liko wazi, na wote tunajua nani wamechuchumaa nje yake.

Saa 8

Babu ananituma Gerezani kununua beringi ya mota ya pampu ya maji, niende na Dogo. Njiani namwuliza: ya zamani imeandikwa 6205, shafti yake ni milimita ngapi? Hajui. Chukua namba mbili za mwisho, zidisha kwa tano. "Ishirini na tano," anasema, na uso unafunguka. Nje ni 52, unene 15, hizo unazikariri tu.

Gerezani kila duka linakwambia yake ni orijino. Naishika, naizungusha karibu na sikio, naangalia maandishi kama yamechorwa kwenye chuma au yamepigwa wino wa kufutika kwa kidole. Duka la tatu ndilo tulilonunua. Dogo naye akaizungusha sikioni, akatikisa kichwa kama mzee.

Saa 10:20

Kabla ya kazi Dogo ananiomba saini kwenye daftari lake la mafunzo. Nikalipitia. Jumatatu: kufanya usafi wa karakana. Jumanne: kumshikia fundi taa. Jumatano: usafi wa karakana. Wiki tatu nzima, kwa mwandiko mzuri sana.

Nilikaa nalo mkononi. Langu lilikuwa hivyo hivyo, na mimi niliapa.

Mota iko mezani. Nikamwambia afunge yeye. Babu akanong'ona, "Akiharibu shafti, unakatwa wewe." Na ni kweli, kwetu hasara inatoka mfukoni mwa fundi aliyesaini. Watu husema mafundi wakongwe wachoyo, wanaficha ujuzi. Wapo. Lakini weka makato hayo upande mmoja, upande wa pili weka mkataba wangu unaoisha Desemba, halafu niletee kijana anayejua kila ninachojua na anayekubali 250,000. Nami nilihesabu kimoyomoyo kabla ya kumpa nyundo, na sikujipenda.

Kila mwezi viwanda vyenye watu kumi au zaidi hulipa tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu 2023. Serikali inajenga vyuo vya ufundi wilayani. Upo pia mpango wa uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi anagawa muda kati ya chuo na mwajiri, na huo naupenda kuliko yote. Ila hata huko atafika kwenye meza kama hii, mbele ya fundi anayeogopa kukatwa.

Dogo akaweka bomba juu ya pete ya nje. Nikamshika mkono. Beringi inayoingia kwenye shafti inapigwa pete ya ndani. Ukipiga ya nje, kipigo kinapita kwenye gololi na unaiua kabla haijazunguka. Akarekebisha. Akapiga, akizungusha kidogo kidogo ili isiingie upande. Mlio wa nyundo ulikuwa mwepesi, mwepesi, halafu ghafla ukawa mzito. Imekaa. Hakuna aliyemwambia aache, aliusikia mwenyewe.

Babu akageukia mambo yake, akipiga mluzi.

Saa 12 jioni

Dogo kaandika: "Kubadilisha beringi 6205, mota ya pampu ya maji ya kupoza." Kaniuliza herufi za ZZ zilizofuata namba zinamaanisha nini. Nimemwambia zina vifuniko vya chuma pande zote mbili, akaandika na hilo. Nikasaini.

Kwenye daftari la zamu nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Namba 7, msishushe joto la kanda yoyote. Ikipiga kelele iacheni ipige, nipigieni." Nimefunga kabati, nimevaa dera, nimetoka. Nje vibarua wa usiku wanahesabiwa.

Saa 5:20 usiku

Simu. "Dada fundi, samahani, namba saba inalia. Kanda ya nne."

"Mmeshusha?"

"Hatujagusa kitu."

Nimefurahi, hata usingizi umenitoka. Nimemwambia azime umeme, atundike kibao, afungue kisanduku cha nyaya, apime hita kwanza, inatakiwa isome omu 53 hivi.

Akanyamaza kidogo. "Napimia nini, dada?"

Mita iko kabatini. Nimepapasa shingoni, ufunguo upo.