Karafuu, Maghala na Masharifu: Kutembea Jakarta

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Jakarta wengi wanaijua Tanah Abang tu. Ni soko la nguo la ghorofa juu ya ghorofa: mitandio, madira, mabaibui, batiki za kila rangi, na kila kizimba kina mtu na kikokotoo mkononi. Mimi pia nilifuata mitandio. Ila mzigo ukishalipiwa kuna siku za kungoja ufungwe na upelekwe kwa wakala wa meli, na mtu hawezi kushinda hotelini akitazamana na kiyoyozi. Mwenzangu, mama wa Tanga mwenye duka Kariakoo, alitaka alale. Nikamwambia, "Shoga, inuka, tukauone mji. Kulala tutalala kwenye ndege."

Tulivyotoka nje akasimama akanusa. "Kuna mtu anapika pilau?"

Hakuna aliyekuwa anapika. Ni sigara. Waindonesia wanavuta kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na ukisimama karibu na mvutaji unasikia vipande vya karafuu vikipasuka kwenye moto. Mimi nimezaliwa Pemba, nimekua nachambua karafuu na kuzianika majamvini, makonyo upande, karafuu upande. Nilijua tangu utotoni kwamba zetu zilikuwa zinauzwa Indonesia, maana kwa miaka mingi viwanda vyao vya kretek vilikuwa wateja wakubwa wa Zanzibar, mpaka walipopanda mikarafuu yao ya kuwatosha. Kujua ni kitu kimoja. Kusimama kituo cha treni mji wa watu, dereva wa bajaji anakupulizia moshi wa kwenu usoni, ni kitu kingine.

Na bajaji zipo kweli, kwa jina hilo hilo, za buluu, zinatumia gesi. Sisi tulichukua treni ya mjini. Nauli ni rupia 3,000 kwa kilomita 25 za kwanza, hela ya kununua kashata, na behewa la mbele na la nyuma ni la wanawake peke yao. Kutoka Tanah Abang unabadilisha Manggarai, na hapo Manggarai shika mkoba wako na shika mkono wa mwenzako, kwa sababu milango ikifunguliwa umati wa watu unakuamulia wewe unakwenda wapi. Mwisho wa reli ni kituo cha Kota, jengo la Waholanzi la mwaka 1929 lenye dari la duara na madirisha marefu. Ukitoka nje umeingia mji mkongwe, ambao zamani uliitwa Batavia.

Watalii wote wanapelekwa uwanja wa Fatahillah. Usiupe siku nzima. Kuna baiskeli za kukodi zilizopakwa rangi za pipi, na kila baiskeli ina kofia ya rangi yake. Kuna watu waliojipaka rangi ya fedha wakasimama kama sanamu. Kuna wanafunzi wanaoomba kupiga picha na wewe kwa sababu umekuja na sura yako ya Afrika. Tulipiga picha mpaka mwenzangu akaanza kusema atatoza kiingilio. Jengo kubwa la uwanjani lilikuwa ofisi ya serikali ya Batavia, lilizinduliwa 1710, na sasa ni makumbusho ya historia ya mji. Ghorofa za juu ni makabati na viti vya wakubwa. Kinachostahili ni chini: mahabusu zenye dari fupi, mtu mzima hawezi kusimama wima, na mipira ya chuma ya kufungia miguu imerundikwa sakafuni mpaka leo. Aliyewahi kushuka vile vyumba vya watumwa Mkunazini, Unguja, hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanamfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi miaka mitano huko Java, alizuiliwa katika jengo hili 1830 kabla hajapelekwa uhamishoni Sulawesi.

Nje upande wa nyuma kuna mzinga wa zamani unaoitwa Si Jagur. Waholanzi waliuleta kutoka Malacca baada ya kuwanyang'anya Wareno mji ule 1641. Nyuma yake umechongwa ngumi, kidole gumba kimechomoza kati ya vidole viwili, ishara ambayo Indonesia haionyeshwi mbele ya wazee. Na kwa sababu hiyo hiyo, wanawake waliokosa watoto walikuwa wanauendea mzinga huu kuomba uzazi. Mwenzangu, mwenye watoto saba, aliuzunguka kwa mbali.

Kutoka hapo chukua bajaji mpaka Museum Bahari, makumbusho ya bahari. Kwangu mimi hapa ndipo Jakarta ilipoanzia. Ni maghala ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, yalianza kujengwa 1652 na kuongezwa kidogo kidogo kwa zaidi ya karne moja. Kuta ni nene kiasi cha kukaa dirishani ukaning'iniza miguu. Boriti za ghorofani ni magogo mazima, na madirisha yana mbao nzito za kufunga kutoka ndani, maana kilichokuwa humu kilikuwa na thamani kuliko nyumba za watu: pilipili manga, kungumanga, karafuu, kahawa, nguo. Moto wa Januari 2018 uliteketeza sehemu ya jengo, na kuna mapaa yanayoonekana mapya. Ndani wamepanga ngalawa na vyombo vya visiwa mbalimbali, vingine vina marengu mawili kama vyetu, na mwenzangu wa Tanga alikagua fundo za kamba kwa macho ya mtu aliyelelewa na mvuvi.

Mimi nilibaki kwenye karafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao, na kwa karne nyingi haikuota kibiashara mahali pengine duniani. Waholanzi walipoishika Maluku wakaamua karafuu ilimwe Ambon na visiwa vya jirani tu, penye ulinzi wao, na kwingine mikarafuu ikatwe. Walituma misafara ya mitumbwi kila mara kuing'oa. Mtu aliyekutwa anauza kwa mwingine aliona cha mtema kuni. Lakini mche hauna uaminifu kwa kampuni. Wafaransa wakaiba miche karibu na 1770 wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, Sayyid Said akaikuza kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoifyeka mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba. Kwa hiyo babu yangu kuchuma karafuu Wete ilitokana na wizi, na mimi niko ndani ya ghala la walioibiwa, ambao nao walikuwa wamepora. Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Nyuma ya makumbusho, ng'ambo ya mfereji, kuna mtaa wa vichochoro uitwao Luar Batang. Kwenye vitabu vya watalii hautiliwi maanani, lakini mtu wa pwani akifika Jakarta asipofika hapa sijui amefuata nini. Kuna msikiti, na ndani yake kaburi la Habib Husein bin Abubakar Alaydrus, sharifu wa Hadhramaut aliyefika Batavia kufundisha dini na kufariki 1756. Ni bahari hiyo hiyo na watu hao hao: jamaa zao wengine walishukia Lamu, wengine Unguja. Wenyeji wanasimulia kwamba jeneza lake lilipopelekwa kuzikwa Tanah Abang lilikutwa tupu, maiti imerudi nyumbani kwake, wakajaribu tena ikawa vile vile, mpaka wakakubali kumzika alipokuwa anaishi. Mwenzangu alisema sharifu alikuwa na akili, maana Tanah Abang na zile foleni hata maiti hapumziki.

Ndani watu wamekaa chini wanasoma Yasini, chupa za maji zimepangwa kando ya kaburi zipate baraka. Bibi mmoja alitusogezea nafasi. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza naye, lakini aya zilipoanza sauti zetu zikaingia kwenye zao bila tabu, na alipomaliza akatugawia karanga. Hapo mwenzangu alilia. Sikumuuliza.

Bandari ya Sunda Kelapa iko jirani, na jahazi za pinisi zenye pua ndefu zimejipanga gatini, za mafundi wa Sulawesi Kusini. Siku hizi zinakwenda kwa injini. Makuli wanapandisha mifuko ya saruji juu ya ubao mwembamba unaobonyea kila hatua. Upande huu wote wa kaskazini unazama kwa sababu mji umevuta maji ya visima kupita kiasi, na kule Muara Baru kuna msikiti mzima ulioachwa nje ya ukuta wa bahari, maji yameshaingia madirishani. Ni mojawapo ya sababu serikali iliamua kujenga mji mkuu mpya Kalimantan.

Kesho yake tulikwenda Istiqlal, kituo cha treni cha Juanda, hatua chache kwa miguu. Nimesali katika misikiti mikubwa, lakini huu unakunyamazisha. Kuba lina upana wa mita 45, kwa ajili ya mwaka wa uhuru, 1945, na linabebwa na nguzo 12 zilizovikwa chuma cha pua. Aliyeuchora, Friedrich Silaban, alikuwa Mprotestanti, Mbatak wa Sumatra Kaskazini. Ulianza kujengwa 1961, ukafunguliwa 1978. Mkabala wake ni kanisa kuu la Wakatoliki, na chini ya barabara wamechimba njia ya miguu inayounganisha nyumba hizo mbili. Papa Francis alifika mdomoni mwa njia hiyo Septemba 2024 akakutana na imamu mkuu. Sikukuu zikifika wanaazimana maegesho ya magari.

Wanawake hapa wanasali na mukena, vazi jeupe la vipande viwili, na wageni huazimwa mlangoni. Mhudumu alinivalisha mwenyewe, akanivutia utepe usoni, akaangalia nywele kama zimejificha, akasema kitu kilichomalizikia na "Bu", namna wanavyomwita mama wa heshima. Kuna pia ngoma kubwa iliyochongwa kwenye gogo moja la Kalimantan. Kwetu kuna masheikh ambao wangeitolea hotuba ya saa mbili ngoma hiyo msikitini. Pale ngoma na adhana vimezoeana, hakuna anayegeuka.

Jioni tulivuka kuelekea mnara wa Monas, ule wa mita 132 wenye mwali wa dhahabu juu. Foleni ya lifti ilikuwa ndefu, tukauacha. Tulikaa kwa muuza kerak telor, chakula cha Wabetawi, wenyeji wa Jakarta. Anaweka mchele wa kunata kwenye kikaango kidogo juu ya mkaa, anavunjia yai la bata, anamwagia kamba wakavu waliosagwa na nazi iliyokaangwa ikawa kahawia. Hatii mafuta. Kikishashika chini anakipindua kikaango chote juu ya makaa, uso wa chakula ukitazama moto, na wala hakidondoki. Mwenzangu alisogea mpaka mwenye biashara akampa kigoda. Alikula viwili, akaagiza cha tatu cha kuchukua, kisha akatoa kikokotoo chake cha Tanah Abang na kuanza kumuuliza kikaango anakiuza bei gani.