Sketi ya mama chini ya godoro

Mama akianza hadithi za utoto wake, simu naiweka pembeni. Jana kanisimulia tena ile ya sketi ya shule. Pasi kwao haikuwepo, basi usiku aliyapanga marinda moja moja kwa vidole, akaitandaza sketi chini ya godoro, akalala chali bila kujigeuza mpaka alfajiri. Asubuhi imenyooka! (Na kitanda chenyewe alilala na wadogo zake, sijui aliwezaje.)

Ndipo nikaelewa kwa nini mimi silali kabla sijaandaa nguo za kesho. Sikufundishwa, nilimwona tu. Sasa binti yangu naye anapanga zake kitini, soksi juu kabisa. Mungu ampe mama umri mrefu, bado hajanimalizia ile ya mbuzi.