Mgeni rasmi hakuwepo

Usa River, Jumapili usiku

Nilipoingia ukumbini jana nilitafuta meza kuu, nikaikosa. Hakukuwa na kitambaa cheupe chenye utepe, wala chupa za maji zilizopangwa safu, wala vile viti vitatu vya heshima ambavyo hubaki vitupu mpaka saa tano vikimsubiri mheshimiwa. Jukwaani palikuwa na zulia la duara, maiki moja, na tableti iliyoegemezwa kwenye spika ikihesabu dakika kurudi nyuma.

Aliyenivuta ni mdogo wangu, mmoja wa vijana walioandaa. Alikuwa amenibembeleza wiki nzima.

"Dada, njoo. Safari hii hakuna hotuba."

"Sasa hao wanaopanda jukwaani wanafanya nini?"

"Wanasimulia."

Vijana wenyewe hawana leseni ya TEDx na hawakujidai kuwa nayo. Wameiga mtindo tu, wakaomba ukumbi wa usharika, wakaazima spika. TED, mikutano ya watu kusimulia mawazo yao kwa ufupi jukwaani, ilianzia California mwaka 1984, ikajulikana kwa kikomo chake cha dakika 18 kwa kila mzungumzaji, na tangu 2009 inatoa leseni hiyo ya TEDx kwa watu wa miji na vyuo kuandaa mikutano yao wenyewe. Hapa kwetu dakika zilipunguzwa zikawa kumi. Mdogo wangu anasema Mtanzania ukimpa 18, kumi za kwanza ataamkia watu.

Sikatai. Nimehudhuria mahafali, uzinduzi wa visima na vikao vya wazazi vya kunitosha uzee wangu wote, na naijua ratiba kwa moyo: kuwasili kwa mgeni rasmi, utambulisho, neno la mwenyekiti, neno la diwani, risala, hotuba. Kila anayesimama anaanza na msururu wa vyeo, na akichoka anasema itifaki imezingatiwa. Maneno yote yanaelekezwa meza kuu. Sisi tulioko kwenye viti vya plastiki tunasikia kwa bahati tu, kwa kuwa spika ziko upande wetu.

Jana mtu alipanda, akataja jina lake, akaanza. Dakika za mwanzo nilihisi kama tumesahau kitu.

Wa kwanza alikuwa mhamasishaji kutoka mjini, maiki ya shavuni, viatu vyeupe katika ukungu wa Juni na matope ya huku. Aliuza karanga, akalala stendi, leo ana kampuni. Sina ugomvi na karanga zake. Kilichonichosha ni kwamba hadithi ilijulikana inakoishia kabla hajavuka sentensi ya tatu. Akatuamuru tugeukiane: "Mwambie jirani yako, wewe ni bingwa!" Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwenye kitenge cha kwaya, tuliyekuwa tumeshaamkiana. Nikamgeukia, nikamwambia. Akanitazama kwa utulivu.

"Bingwa wa nini, mjukuu wangu?"

Nikakosa jibu, na mhamasishaji alikuwa ameshahamia kwenye ndoto.

Wakafuata machalii watatu waliochana kwa Kiswahili huku mwenzao akiimba kwa Kimaasai nyuma yao. Arusha hilo si geni, kundi la X Plastaz walishalifanya tangu tukiwa wadogo, lakini bado linasisimua. Kisha sarakasi. Kisha fundi pikipiki aliyesahau maneno, akacheka, akashuka, akapigiwa makofi kuliko mhamasishaji.

Halafu akaja binti mmoja na ndoo.

Alizungumzia meno. Ukumbi ukatulia kwa namna ambayo mtu asiye wa huku asingeelewa, kwa sababu nusu yetu tuna meno hayo. Mimi nimezaliwa hapa, na picha zangu zote tangu sekondari nimefunga mdomo, hata za harusi. Akaeleza yale ambayo wengi wetu tunayaishi bila kuelezwa: miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, maji yakipita humo yanayabeba, na mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanapojiunda ndani ya fizi, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Yakizidi sana yanaingia mpaka kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vipo vyanzo vya upande huu vinavyopita hapo mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Hata magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza. Aliposema hilo kina mama waliguna.

Ndani ya ndoo kulikuwa na chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lisilopitisha hewa nyingi, inavunjwavunjwa, na chembe zake hunasa floraidi. Njia hiyo si yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani, kimeifanyia kazi miaka mingi. Yeye alitengeneza machujio machache akawapa majirani, na hapo ndipo nilipojikuta nimeegemea mbele. Wengine walikataa wakitaka kujua kwanza ni mifupa ya mnyama gani, na hilo ni swali la haki kabisa. Waliokubali walitumia vizuri, kisha mkaa ukachoka. Ukichoka huwezi kujua. Maji yanatoka meupe vilevile, ladha ileile. Miezi baadaye alirudi na kipimo, akakuta familia inakunywa floraidi ileile kupitia ndoo yake, kwa imani.

Akasema, "Sijapata dawa ya hilo." Tableti ilionyesha bado ana dakika mbili. Akachukua ndoo yake akashuka.

Makofi yalikuwa machache, ya kusitasita. Mshereheshaji akaruka jukwaani kutuchangamsha, akasema dada yetu hajashindwa, yuko njiani kuelekea ushindi. Nilitamani anyamaze. Bibi wa kitenge akasema kwa sauti ya kusikika viti vitatu, "Huyo kasema kweli," akatoa kitambaa akapenga kamasi.

Wakati wa chai (tangawizi kali, na vitumbua vilivyoisha kabla foleni haijafika katikati) mdogo wangu alinijia akiwa na wasiwasi kwamba binti "ameshusha mzuka". Nikamkumbusha kijana wa Malawi. Juni 2007 TED wenyewe walikuja kufanya mkutano wao hapa Arusha, na mmoja wa waliopanda jukwaani alikuwa William Kamkwamba, miaka 19. Aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akasoma kitabu cha maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na mabomba ya plastiki, nyumba yao ikawaka taa. Alizungumza dakika chache tu, kwa Kiingereza cha kubabaika. Watu humtaja kwa ajili ya kinu. Mimi napenda zaidi kilichofuata: waliokuwa wamekaa kwenye viti walimsaidia akarudi shule.

"Sasa unataka nikusanye mchango?" mdogo wangu akauliza.

"Sijasema hivyo."

Baada ya chai zikaja sare za darasa la sita. Ngonjera. Vijana wa mjini walitaka kuitoa kwenye ratiba wakiiona ya kizamani, mwalimu akakataa. Ni kweli ina umri: Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeisambaza miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa ndiyo njia ya kuifikisha siasa vijijini, pande mbili zinabishana kwa beti mpaka zikubaliane. Nami nilighani mbele ya mkuu wa wilaya nikiwa mdogo, magoti yakigongana. Ya jana, upande mmoja walikuwa watoto, upande wa pili maji. Mwalimu kaitunga mwenyewe, na kanikubalia ninakili beti mbili:

Ewe maji ya kisima, mbona hivi wanitenda,
Nakuteka nikihema, ndoo kichwani napanda,
Meno yangu yalo mema, rangi ya chai yaganda,
Kucheka nimeshakoma, kinywa mkono walinda.

Usinilaumu mwana, natokea mlimani,
Mawe ya moto wa jana, yamenipa sumu ndani,
Maji mema yake Bwana, yaangukia paani,
Gata na tenki hamna, yapotea mtaroni.

Ni kweli tupu. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba. Paa la shule ni refu, la bati, na masika yote linamwaga maji bure.

Watoto walikuwa wamefundishwa kumaliza kwa kugeukia kulia, mahali inapowekwa meza kuu siku zote, na kusema kwa pamoja: "Mgeni rasmi, tunaomba!" Wakageuka. Kulia palikuwa na ukuta na kinanda cha kwaya kilichofunikwa shuka. Wakakiomba kinanda.

Watu walianza kucheka, kisha kicheko kikakatika, maana watoto hawakushuka. Katika ngonjera ukishaomba unasubiri. Mgeni rasmi husimama akaahidi mabati, magazeti yanapiga picha, na kila mtu anarudi nyumbani akijua nani wa kulaumiwa mwakani. Jana mshereheshaji alitazama tableti. Mwalimu alitazama watoto. Wale watoto, baada ya kukosa mtu kulia, wakageuka wakatutazama sisi.

Akasimama mwanamume wa viti vya nyuma, kofia mkononi. "Mimi ni fundi bati. Gata nafunga bure. Ila vifaa sina."

Basi, mtindo wa TED ukaishia hapo. Binti wa ndoo aliitwa tena jukwaani aulizwe maswali ambayo hakuna aliyemuuliza mwanzo: mtoto anywe lita ngapi, tenki la ukubwa gani litamfikisha mpaka mvua nyingine, vumbi la bati je. Alijibu kwa nusu saa, na hakuna aliyeangalia dakika. Bibi alitoa noti ya elfu mbili iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Mwalimu aliandika ahadi nyuma ya karatasi ya ratiba mpaka nafasi ikaisha. Machalii waliochana waliahidi kubeba mchanga, na wanafahamika kwa kutokuonekana asubuhi.

Mimi nimefanywa mweka hazina, sababu ikiwa ni kwamba dada wa mwandaaji hawezi kukimbia na hela. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa tukiwa bado ukumbini, na tangu leo asubuhi lina kambi mbili, ya tenki la plastiki na ya tenki la saruji. Kuna anayesema masika yameisha, mpaka vuli ya Novemba, haraka ya nini. Fundi anasema gata hazifungwi kwenye paa la utelezi, atapanda Jumatano kupima. Binti anasisitiza maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, paa lioshwe kwanza, na ameshaandika hilo mara tatu kwa herufi kubwa.

Ahadi kubwa kuliko zote ni ya mhamasishaji: laki mbili. Nimemtumia namba ya kulipia tangu saa sita mchana. Ameisoma, na ameniwekea dole gumba.