Ngata, saa nane, na mshono uliokuwa umepona

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nikisema mshono ulikuwa mzuri naomba niaminiwe. Wiki sita baada ya upasuaji nilichukua kile kioo cha mkononi cha wateja, nikajifungia chumbani, nikajitazama. Nilikuta mstari mwembamba usio na uvimbe wala usaha, na nyuzi zimeyeyuka zenyewe. Ingekuwa gauni, yule daktari ningempa na bakshishi. Shida ni moja tu: nilikuwa siwezi kukaa.

Ilikuwa Juni 2022, nina miaka 42. Mlangoni mwa uke kuna vitezi viwili, kimoja kila upande, vinavyoitwa tezi za Bartholin, na kazi yao ni kutoa ute. Njia ya ute ikiziba, panavimba. Changu cha kulia kilishatobolewa na kukamuliwa mara mbili, kikarudi mara mbili, ya tatu wakaamua kukitoa chote. Kwa umri wangu walisema lazima nyama iende maabara. Majibu yakaja salama, nikachinja kuku.

Kuku akaisha, maumivu yakabaki. Kulikuwa na moto wa pilipili, na ndani ya moto huo kama mtu anachoma sindano ya cherehani, ile nene ya jinzi. Nikikaa, unawaka. Nikivaa chupi inayobana, unawaka. Kuhusu mume wangu sitasema mengi, itoshe kwamba alihamia kitanda cha mtoto aliyeko shule ya bweni, na alihama kwa hiari kwa sababu kila akinigusa bega nilikuwa nashtuka.

Nilirudi pale nilipopasuliwa. Wakatazama, wakasema kidonda kimepona, vumilia. Nikarudi tena, wakasema vumilia. Mara ya tatu nikaambiwa kwamba wanawake wa umri wangu tukikaribia kukoma hedhi tunakuwa na mawazo. Sikurudi.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa fangasi. Nasema nikawa, maana sikupimwa, niliitwa tu. Kwenye duka la dawa ukitaja huko chini, kabla hujamaliza sentensi umeshapewa mrija wa krimu. Nimepaka krimu mara tano, za aina tatu. Zikishindikana naambiwa ni UTI sugu, nakunywa vidonge vya siku saba, tumbo linaharibika, moto uko palepale. Siku nilipopimwa kwa haki, mkojo ulikuwa safi na fangasi hamna, na daktari akaniambia zile krimu zenyewe zilikuwa zinaikera ngozi. Fedha niliyoiacha madukani sitaki kuijumlisha. Inafika laki mbili na ushee, labda na zaidi.

Sasa shangazi. Shangazi yangu wa Pangani alikuja kunisalimia, akanikuta nimelala kifudifudi saa sita mchana. Akauliza, nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, wewe hukukandwa." Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na kwa hesabu ya shangazi kilichokatwa na kisu ni sawa na kilichochanwa na mtoto. Akachemsha sufuria ya mwarobaini, akatia chumvi ya mawe kwa kiganja, akayamwaga maji kwenye beseni la bluu ambalo mpaka leo siwezi kulitazama. "Kaa." Nikamwambia shangazi, maji yanatoa moshi. "Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Kaa!" Mimi mtu mzima na mjukuu ninaye, nikakaa. Sikumbuki vizuri nilitokaje. Mume wangu anasema alisikia yowe akadhani mwizi, akatoka na rungu, akanikuta uani nimeshika mti wa mpapai na khanga imebaki beseni. Ngozi ilibambuka, nikaanza upya kuuguza kidonda ambacho hata mpasuaji hakuniachia. Shangazi akaondoka kesho yake akisema ningevumilia dakika tano zaidi ingekuwa imekwisha.

Simlaumu sana, alinipenda. Ninaowalaumu ni waliofuata, akina somo wa mjini, wenye shabu na asali na ushauri wa "bana." Bana mara mia asubuhi, mara mia jioni, misuli ikaze, damu ipite, mume arudi. Mimi tena kwa bidii ya kazi! Nilibana jikoni, nikabana kwenye daladala, nikabana nikipiga pasi. Kila wiki maumivu yakaongezeka nami nikaongeza kubana. Akina dada, kama huko chini kunauma na mtu anakuambia bana, mwulize kwanza kama anajua misuli yako imelegea au imekakamaa. Yangu ilikuwa imekakamaa kama turubai.

Kabla sijafika kwa aliyeniambia hilo, nieleze ngata, maana ndiyo iliyonilisha mwaka mzima. Fundi asiyekaa ni fundi gani? Nilijaribu mto, mto unakusukuma pale pale panapouma. Nikajaribu ndoo iliyofunikwa, tusiiongelee. Siku moja nimechota maji, natua ndoo, ngata ikadondoka sakafuni, nikaitazama. Nikaiokota, nikaiweka juu ya kiti, nikakaa polepole. Subhanallah! Katikati pakabaki hewa. Baadaye nikaiboresha, nikasokota khanga mbili kuukuu nene, nikaacha mbele wazi mfano wa herufi U, kwa sababu duara kamili baada ya saa moja linavuta nyama chini. Uzito wote unabaki kwenye mifupa miwili ya makalio. Nikawa natembea nayo kwenye mkoba. Ndani ya daladala la Mbagala naitoa, naitandika, nakaa. Konda mmoja akaniuliza, "Mama, ngata unayo, mzigo uko wapi?" Nikamwambia nimeukalia.

Kazi ya kukata vitambaa nikaifanya nimesimama, kushona nikampa kijana kwa malipo ya kipande. Aliharibu sare za kwaya nzima, lakini hiyo ni habari nyingine.

Aliyeniokoa ni mteja, muuguzi, aliyekuja kuchukua gauni. Alinitazama nimesimama saa nzima, kisha nikakaa kwa upande kama mtu anayepanda baiskeli nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, umefanyiwa nini?" Akaniandikia jina la daktari wa akina mama kwenye risiti. Hiyo ni Agosti 2023. Miezi kumi na minne nimezunguka.

Daktari huyu hakuanza na mrija. Alichukua kijiti chenye pamba, kile cha masikio, akaanza kugusa taratibu, mapajani, mashavu ya nje, halafu mlangoni, kila pahala ananiuliza uchungu ni ngapi kwa kumi. Juu, sifuri. Kushoto, moja. Kufika chini kulia, karibu na kovu, nusura nimpige teke la kidevu. Pamba tu! Akasema, "Sasa tunajua." Nililia pale kitandani, si kwa uchungu. Ni mara ya kwanza mtu kuniambia ninachokisikia kipo.

Alinieleza hivi, nami nalieleza nilivyolielewa. Kidonda kilipona, lakini mishipa ya fahamu ya pale haikupata habari. Ni kama gari lenye alamu mbovu, hata paka akipita linalia mtaa mzima. Na misuli ya nyonga, ile inayozunguka uke na njia ya haja kubwa, imekuwa ikijikaza kuilinda sehemu hiyo tangu siku ya kisu, imesahau kuachia. Msuli uliokazwa mwaka mzima nao unauma, unazidi kuichokoza mishipa, na mishipa inazidi kuukaza msuli. Nikamwambia kuhusu "bana." Akafumba macho kidogo.

Akanipa amitriptilini, kidonge cha miligramu 25, nikate nusu, ninywe usiku. Ni dawa ya zamani ya sonona, ila kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Mama yangu alikuta karatasi ya maelezo, akasoma neno sonona, akaitisha kikao cha ukoo. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nazubaa asubuhi, mdomo mkavu kama nimelamba chaki, na choo kigumu, jambo ambalo kwa misuli iliyokakamaa ni balaa jipya. Papai kila siku, maji mengi. Nilianza kuona nafuu kama wiki ya tano, na wakati wa kuacha nilipunguza kidogo kidogo alivyonielekeza. Akanipa pia jeli ya ganzi ya lignokaini ya kupaka pale pale. Dakika ya kwanza inawasha vibaya, usiifute. Sabuni huko chini marufuku, ni maji matupu. Chupi nilinunua Kariakoo, pamba tupu, kubwa, za bibi. Usiku sivai kitu.

Kisha akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa misuli ya nyonga. Hawa si wengi, na kila mara nilikuwa naacha elfu thelathini na kitu, ukiongeza na bajaji. Binti mdogo, umri wa mwanangu. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kupumua. Nikajisemea nimekuja mjini kulipia pumzi. Unalala chali, miguu juu ya kiti, unavuta hewa mpaka tumbo lijae, na unapoivuta unaachia kule chini kama mtu anayeanza kukojoa. Nilishindwa. Nilikuwa sijui kuachia kunafananaje. Akaniuliza, "Mama, ukishona mdomo unaufanyaje?" Nikamwambia nabana pini. Akaniambia nibane pini za kufikirika, nisikilize chini. Loo! Meno yakikutana, na kule kunafunga. Miaka ishirini na mbili ya pini mdomoni. Siku hiyo hiyo nilinunua mto wa pini wa kuvaa mkononi, na nikajiwekea kawaida kila nikibadilisha uzi nilegeze taya.

Hatua ya pili ilikuwa kukanda kovu na misuli kwa kidole, kwa mafuta ya nazi (mjue tu mafuta hayo yanaharibu kondomu). Akanipapasia, akaniambia, "Panapokaza ni saa nane. Ingiza kidole mpaka pingili ya kwanza, bonyeza saa nane, shikilia, pumua mpaka palegee. Dakika tano, kila siku." Nikamwitikia ndiyo, dokta.

Wiki mbili nilibonyeza saa nane kwa utiifu wa mwanafunzi wa madrasa. Nalala, naufikiria uso wa saa, kinena juu, njia ya haja kubwa chini. Saa nane mchana mshale mfupi uko wapi? Uko juu, kwenye mbili. Basi nabonyeza juu kushoto. Kovu langu liko chini kulia, hilo nalijua, lakini nikasema huyu amesoma, huenda msuli una mzizi wake huko kama jino. Kila nikibonyeza nabanwa mkojo. Narudi kliniki, binti ananipima, hakuna hata dalili ya kulegea. "Mama unafanya zoezi?" Nafanya. "Kila siku?" Wallahi kila siku, na mkojo unanitoka. "Mkojo?" Akakunja uso, akataka kuniandikia vipimo vingine. Halafu akanyamaza, akachukua kalamu akachora duara, akanipa. "Niwekee alama ya saa nane." Nikaweka kwenye mbili. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika kiti. Kumbe wao wanasoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, si saa yenyewe! Nane yake ni namba nane, chini, ambako kwangu ni saa mbili. Saa yetu na namba za mshale hupishana sita, kwa hiyo nilikuwa nimebonyeza upande unaotazamana kabisa na unaouma. Tangu siku hiyo anawachorea wote, hasemi saa.

Nilipopata mahali penyewe niliielewa kazi mara moja, kwa sababu ni ya kwetu. Uzi ukivutwa sana kitambaa kinafinyana, hukitatui kwa kukivuta kwa nguvu, unakilaza, unakinyoosha polepole kutoka pembeni kuelekea kwenye mshono. Kovu lilikuwa limeshikana na nyama ya chini. Wiki ya tatu likaanza kuteleza. Baadaye vikaja vijiti laini vya plastiki vya kuingiza ukeni, cha kwanza kama kidole cha mwisho, unapanda ukubwa ukiona cha chini hakikushtui tena. Niliruka kimoja kwa kiherehere, nikalala na maumivu siku nne, nikarudi kwenye cha kwanza.

Mume wangu alirudi chumbani Aprili 2024. Tulianza kwa kulala tu. Nililegeza taya.

Siku mbili tatu kabla ya hedhi bado panawaka kidogo, na nikishona harusi mfululizo najua usiku nitapumua miguu juu ya kiti. Disemba nilipanda basi mpaka Tanga, nikakaa safari nzima kwenye kiti kitupu, nikaendelea Pangani kwa shangazi. Alinitazama nilivyokaa mkekani, akatabasamu. "Umeona? Yale maji yalifanya kazi."

Sikubishana naye. Asubuhi bomba lilikuwa kavu, nikatoa ngata mkobani, nikaibana herufi yake ya U ikawa duara, nikaiweka kichwani, nikaenda naye kisimani.