Matone Matatu ya Rangi ya Keki

Jumamosi moja ya Machi, gerejini kwetu Cleveland, nje theluji bado haijayeyuka, nilikuwa nimeacha mlango wazi. Plastisoli, plastiki ya majimaji ya kumiminia vyambo laini vya kuvulia samaki, ikipita nyuzi 200 za Selsiasi huungua na kutoa moshi wa asidi unaochoma koo, kwa hiyo baridi ilibidi tuivumilie. Shemeji alikuja tumimine pamoja vyambo vya msimu wa samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo wa ziwa Erie. Mfukoni alikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya keki.

"Shemeji, rangi si rangi tu?" akaniuliza.

Plastisoli ni unga wa PVC (plastiki ile ya mabomba) unaoelea katika kilainishi chenye asili ya mafuta. Chupa lazima itikiswe kwanza, maana unga hutuama chini. Ndani ya maikrowevu (ya gerejini, isiyorudi jikoni tena) huanza nyeupe kama maziwa, ikaganda kama uji uliolala, kisha kwenye nyuzi 170 hivi ikawa majimaji angavu. Ilikuwa imefika hapo shemeji alipodondosha matone yake matatu. Rangi ile ni ya maji, na maji kwenye joto hilo hugeuka mvuke palepale. Kikombe kilitema. Tone moja lilitua juu ya glavu yangu ya ngozi, jingine kwenye kioo cha miwani. Kilichobakia kilikuwa mapovu na madoadoa, kwani maji na kilainishi havichangamani hata ukoroge hadi magharibi.

Tukaanza upya, safari hii kwa rangi iliyosagwa ndani ya kilainishi chenyewe. Tulikuwa tunamwiga gobi, samaki mgeni aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1990 katika mto St. Clair na ambaye sasa besi wa Erie humla sana. Ana rangi ya kijivu na kahawia yenye mabaka, na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni. Kwa kikombe cha mililita 120 nilitia matone 6 ya kahawia, 3 ya kijani, na nyeusi kiasi cha kuchovya ncha ya kijiti cha meno. Nyeusi ndiyo inayoharibu kazi za wengi: tone moja zima, na chambo hakipitishi mwanga tena, kinakuwa kama kipande cha tairi. Glita (chembe za kumetameta) nyeusi nusu kijiko cha chai ilitosha. Ikizidi hutuama chini ya kikombe na kufanya mkia ukatike upesi. Lazima iwe glita inayostahimili joto. Ile ya kadi za harusi hujikunja na kuchuja rangi.

Kikombeni rangi hudanganya, huonekana nzito kuliko itakavyokuwa mkiani. Nilipaka tone kwenye sahani nyeupe, likapoa, nikalibandua na kuliinua dirishani. Lilielekea ukijani mno, nikaongeza tone moja la kahawia.

Shemeji hakukata tamaa na wekundu wake. Tulimimina vichache vyenye mgongo mwekundu na tumbo jeupe, nyekundu ikiwa ya pigimenti, yaani rangi yenye chembe zisizoyeyuka. Kisha pigimenti ikaisha, akamalizia vinne kwa dai, rangi ya kuyeyuka, ya mishumaa niliyokuwa nayo rafuni. Dai huyeyuka ndani ya kilainishi na kusafiri nacho. Siku ileile huwezi kuvitofautisha. Baada ya wiki mbili vile vya pigimenti mpaka wake ulikuwa bado mkali kama uliochorwa kwa rula, na vile vinne tumbo lilikuwa waridi. Vibaya zaidi, nilikuwa nimeviweka mfuko mmoja na gobi wangu, na wale waliolalia upande huo walipata mashavu mekundu.

Nyeupe iliyobaki tuliipasha tena kumalizia kalibu mbili. Ilikuwa mara yake ya tatu motoni, ikatoka rangi ya siagi. Shemeji akasema hiyo ndiyo aliyoitaka.